Anayepeleka Kodi TRA na Anayeibeba: Mara Nyingi Si Mtu Mmoja

Kila Juni, waziri wa fedha akimaliza kusoma bajeti Dodoma, mitaani huzuka kauli zilezile. Muuza mboga anasema yeye halipi kodi, hana hata TIN (namba ya mlipakodi). Mwajiriwa anasema nchi nzima inakula mshahara wake. Mwenye duka anasema VAT inammaliza. Mpangaji anauliza kwa nini anakatwa kodi ya jengo kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ilhali nyumba si yake. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, ila wote wanachanganya mambo mawili: nani sheria inamtaka apeleke kodi serikalini, na nani hasa fedha inamtoka mfukoni. Tusipoyatenganisha hayo mawili, hatuwezi kusema kodi fulani ni ya haki au ya uonevu.

Tuanze na maneno yenyewe. Kodi ya moja kwa moja hukatwa kwenye kipato: PAYE kwenye mshahara, kodi ya mapato kwenye biashara. Kodi isiyo ya moja kwa moja imo ndani ya bei ya kitu: Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wote tunaiita VAT, pamoja na ushuru wa bidhaa. Tozo hufungwa kwenye tendo fulani, kama kutoa fedha kwa simu. Haki ya kodi hupimwa kwa asilimia ya kipato inayochukuliwa, si kwa wingi wa shilingi. Kodi inayochukua asilimia kubwa zaidi kwa mwenye nacho inapanda pamoja na kipato. Inayochukua asilimia kubwa zaidi kwa maskini inamkandamiza, hata kama kwa shilingi tajiri ndiye aliyetoa nyingi.

Hesabu zilizomo humu ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina mamlaka yake ya mapato, na VAT yake ni 15%, wakati kiwango cha kawaida cha Bara ni 18%.

Mshahara na hofu ya kuvuka ngazi

PAYE ina ngazi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi kitu. Kuanzia hapo hadi 520,000 unakatwa 8%, kutoka 520,000 hadi 760,000 ni 20%, kutoka 760,000 hadi 1,000,000 ni 25%, na kinachozidi milioni moja ni 30%. Mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii hutolewa kwanza, ndipo hesabu ya PAYE ianze.

Hapa ndipo penye uvumi sugu: kwamba ukipandishwa mshahara ukavuka ngazi, utaondoka na pungufu kuliko mwanzo. Wapo watu wanaokataa saa za ziada kwa hofu hiyo. Fikiria madumu yaliyopangwa kwa safu, maji yakijaza la kwanza ndipo yanaanza kuingia la pili. Kila dumu lina kiwango chake cha kodi, na maji yaliyomo kwenye dumu la kwanza hayaguswi na kiwango cha dumu la tatu.

Kwa namba: mwenye 760,000 baada ya kutoa mchango wa mfuko anakatwa 68,000. Akiongezwa 20,000 akafika 780,000, kiasi kinachoguswa na 25% ni zile 20,000 tu, yaani 5,000. PAYE yake inakuwa 73,000, na nyongeza inayobaki mkononi ni 15,000. Ingekuwa 25% inashika mshahara mzima, angekatwa 195,000. Sheria haifanyi hivyo. Slipu yako ikionyesha kitu kama hicho, ofisi ya mishahara imekosea na una haki ya kudai marekebisho.

Ngazi hizo pia zinafundisha jinsi ya kusikiliza habari njema. Mwaka 2021 kiwango cha chini kiliposhushwa kutoka 9% hadi 8%, wengi walielewa kuwa wanyonge wamepunguziwa mzigo. Ngazi hiyo ina upana wa shilingi 250,000, na 1% yake ni 2,500. Aliyekuwa juu ya 520,000 alipata nafuu ya 2,500 kwa mwezi, hata kama analipwa milioni kumi. Aliyekuwa na 300,000 alipata 300. Aliyekuwa chini ya 270,000 hakupata kitu, kwa kuwa alikuwa hakatwi. Hatua ya 2020, ya kuinua kiasi kisichokatwa kutoka 170,000 hadi 270,000, ndiyo iliyowatoa kabisa kwenye PAYE waajiriwa wa chini.

PAYE haijui una watoto wangapi

Mwajiri anapokokotoa PAYE anatazama mshahara wa mtu mmoja. Haulizi kama ana mke au mume asiye na kazi, watoto watano, au mama mzazi anayetumia dawa kila mwezi.

Chukua kaya mbili jirani, zote zikiingiza 1,000,000 kwa mwezi kutoka sekta binafsi, na kila mfanyakazi akikatwa 10% ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kaya ya kwanza ina mwajiriwa mmoja. Ukitoa 100,000 za mfuko, zinabaki 900,000, na PAYE yake ni 103,000. Kaya ya pili ina mke na mume, kila mmoja ana 500,000. Kila mmoja akitoa 50,000 anabaki na 450,000, na PAYE yake ni 14,400, kwa wote wawili 28,800. Kipato cha kaya ni kilekile, lakini ya kwanza inatoa 74,200 zaidi kila mwezi. Kwa mwaka hiyo ni 890,400. Mjane anayelea watoto wanne kwa mshahara mmoja yumo kwenye kaya ya kwanza.

Nchi nyingine zimejaribu njia tofauti. Ufaransa, tangu 1945, hugawa kipato cha kaya kwa mafungu; kwa sasa mtu mzima fungu moja, mtoto wa kwanza na wa pili nusu fungu kila mmoja, wa tatu na kuendelea fungu zima. Kasoro yake ni kwamba kaya tajiri yenye watoto hupata nafuu kubwa kuliko kaya maskini yenye watoto idadi hiyohiyo, hata ikabidi iwekwe kikomo. Kenya hutoa nafuu ya shilingi za Kenya 2,400 kwa mwezi, inayotolewa kwenye kodi yenyewe, sawa kwa kila mwajiriwa. Nayo haihesabu watoto.

Je, Tanzania iige Ufaransa? Kwa maoni yangu, hapana. Mfumo wa mafungu unamfaidisha aliye kwenye orodha ya mishahara, na kaya nyingi hapa zinaishi kwa kilimo, uvuvi na biashara ndogo. Mama wa watoto sita anayelima mihogo hana PAYE ya kupunguziwa. Huyo humfikii kwa kupitia kodi, unamfikia kwa matumizi ya serikali: elimu bila ada iliyoanza 2016, zahanati yenye dawa, ruzuku ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) kwa kaya maskini. Kwa hiyo anayetaka kupima haki ya kodi kwa familia aangalie mkono unaochukua na mkono unaorudisha kwa pamoja. Kodi nyepesi kwa kaya, huku shule ikidai michango kila wiki, haijaipunguzia kaya hiyo kitu.

VAT inavyopita mikononi

VAT inapelekwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na mfanyabiashara, lakini inabebwa na mlaji. Tuchukue mzigo wa sabuni. Kiwanda kinanunua malighafi za 1,000,000 na kulipa VAT 180,000 kwa aliyezileta. Kinauza sabuni kwa 1,500,000 pamoja na VAT 270,000. Kwa kuwa kimeshalipa 180,000 kwenye manunuzi, kinapeleka TRA tofauti yake, 90,000. Muuzaji wa jumla anauza kwa 1,800,000 na VAT 324,000, anatoa 270,000 alizolipa, anapeleka 54,000. Supamaketi inauza kwa 2,000,000 na VAT 360,000, inapeleka 36,000. Jumlisha 180,000, 90,000, 54,000 na 36,000, unapata 360,000. Kiasi hicho chote kimelipwa na walionunua sabuni. Wengine wote waliishika njiani tu.

Kwa nini basi mwenye duka kubwa analalamika VAT inammaliza? Mara nyingi ni kwa sababu ameichanganya na fedha yake. Anauza mwezi mzima, VAT inaingia kwenye droo ileile, anaongeza mzigo nayo, analipia ada ya mtoto, tarehe 20 ya mwezi unaofuata inafika na ritani, yaani fomu ya hesabu za kodi, inadai fedha ambayo haipo. Sababu nyingine ni manunuzi yasiyo na risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya kodi. Bila risiti hana cha kutoa, kwa hiyo anapeleka VAT ya mauzo yote badala ya tofauti. Hapo kweli inamtoka mfukoni.

Kosa jingine la kila siku ni la hesabu. Bei ikiwa 11,800 pamoja na VAT, kodi iliyomo si 18% ya 11,800. Zidisha bei kwa 18 kisha gawanya kwa 118, unapata 1,800. Anayekokotoa 18% ya bei nzima anapata 2,124, na hapo amejiongezea kodi isiyokuwepo.

Vipi kuhusu duka dogo la mtaani? Tangu Julai 2023, anayelazimika kujisajili kwa VAT ni mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 200 kwa mwaka. Mangi, mwenye duka hilo la mtaani, hafiki huko, hatozi VAT. Lakini sukari na sabuni alizonunua kwa muuzaji wa jumla aliyesajiliwa zilishawekewa VAT, na hawezi kuirudisha, kwa hiyo imo ndani ya bei anayokuuzia. Muuza mboga asiye na TIN anailipa kila anaponunua mche wa sabuni.

Ndipo tunafika kwenye uzito wa mzigo. Tuseme kaya moja ina mshahara wa 300,000. Ikitoa NSSF 30,000 inabaki na 270,000 na PAYE yake ni sifuri. Ikitumia 120,000 kwa vitu vyenye VAT, kodi iliyomo ni takriban 18,300, yaani 6.1% ya mshahara. Kaya ya 3,000,000 ikitumia 700,000 kwa vitu vyenye VAT hulipa takriban 106,800, yaani chini ya 3.6%. Kwa shilingi, kaya ya pili imetoa karibu mara sita; kwa uzito, ya kwanza ndiyo imeelemewa. Kinachopunguza makali ni kwamba mazao ghafi kama mahindi, maharage, mboga na matunda yamesamehewa, na hayo ndiyo yanayojaza kapu la kaya maskini. Bila msamaha huo, VAT ingekuwa nzito sana kwa wa chini.

Kwenye vocha ya simu mambo ni mazito zaidi. Kuna ushuru wa bidhaa wa 17% kwenye huduma za mawasiliano, na VAT ya 18% hukokotolewa juu ya bei iliyokwisha kuongezwa ushuru huo. Ukinunua muda wa maongezi wa 1,000, takriban 276 ni kodi.

Taulo za kike: funzo la 2018

Kama kuna tukio moja linalofaa kukumbukwa kila bajeti, ni hili. Julai 2018 serikali ilisamehe VAT kwenye taulo za kike. Ilikuwa nia njema, na waliopigania jambo hilo walikuwa na hoja: msichana anayekosa taulo anakosa shule. Wengi walitegemea bei ishuke kwa ile 18% yote. Haikushuka ipasavyo, na mwaka uliofuata waziri wa fedha wa wakati huo, Philip Mpango, akairudisha VAT hiyo, akieleza kuwa nafuu haikumfikia mlengwa.

Lawama ziliwaangukia wafanyabiashara, na baadhi walistahili. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ndani ya kodi yenyewe, nayo haikuelezwa vya kutosha. Kuna njia mbili za kuondoa VAT kwenye bidhaa, na zina matokeo tofauti kabisa.

Njia ya kwanza ni msamaha. Muuzaji hatozi VAT kwenye mauzo, lakini pia haruhusiwi kurudishiwa VAT aliyolipa kwenye manunuzi. Njia ya pili ni kiwango sifuri. Muuzaji anatoza 0% na anarudishiwa VAT yote ya manunuzi. Bidhaa zinazouzwa nje ya nchi ziko kwenye kundi hili.

Weka namba. Kiwanda cha hapa nchini kinatumia pamba, plastiki na vifungashio vya 1,000 pamoja na VAT 180. Kikitoza VAT ya kawaida, kinauza kwa 1,500 na 270, mnunuzi analipa 1,770, na kiwanda kinatoa zile 180 zake. Ukikipa msamaha, zile 180 zinageuka gharama. Ili faida yake ibaki palepale lazima auze kwa 1,680. Bei imeshuka kwa 90, sawa na karibu 5%. Ukikipa kiwango sifuri, anarudishiwa 180 na anaweza kuuza kwa 1,500.

Sasa mtazame aliyeleta taulo zilizokamilika kutoka nje. Chini ya msamaha halipi VAT bandarini, na hana VAT ya malighafi iliyomganda. Akiwa na bei ileile ya 1,500, anaweza kupunguza 270 zote, akitaka, au akabaki nazo. Kiwanda cha nyumbani kinaweza kupunguza 90 tu. Msamaha uliotolewa kwa ajili ya binti wa shule ukawa umempa muagizaji nafasi ya kumzidi mtengenezaji wa hapa. Ongeza mzigo wa zamani ulionunuliwa na VAT ukiwa bado rafuni, na tabia ya bei za rejareja kupangwa kwa 2,000 au 2,500, ambako punguzo la shilingi tisini halionekani kabisa.

Serikali ilipoirudisha VAT mwaka 2019 ilishusha pia kodi ya mapato ya kampuni kutoka 30% hadi 25% kwa miaka miwili kwa wawekezaji wapya wa viwanda vya taulo. Hiyo inamsaidia mwenye kiwanda, lakini haina uhakika wa kumfikia msichana. Naamini njia iliyo bora ni kiwango sifuri, kikiambatana na marejesho yanayolipwa kwa wakati. Marejesho yakichelewa miezi, kiwanda kinakuwa kimeikopesha serikali bila riba, na gharama hiyo inarudi kwenye bei. Pale inapowezekana, fedha inayokusanywa itumike kununua taulo na kuzipeleka shuleni moja kwa moja. Hapo hakuna muuzaji wa kati wa kubaki na nafuu.

LUKU na tozo

Agosti 2021 kodi ya majengo ilianza kukusanywa kupitia LUKU: 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Julai 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Kwa ukusanyaji ni mbinu ya maana, hakuna foleni wala kufukuzana na wenye nyumba. Kwa haki ina matatizo mawili. La kwanza, kisheria kodi hii ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Mpangaji asiye na ujasiri wa kudai anaibeba yeye. Dawa yake ni kuhifadhi ujumbe wa manunuzi ya umeme unaoonyesha makato, na kuandika kwenye mkataba wa pango kwamba 18,000 za mwaka zitatolewa kwenye pango. La pili ni kiwango kimoja: nyumba ya vyumba viwili Mbagala na nyumba kubwa isiyo ya ghorofa Masaki zinalipa 1,500 ileile, ingawa thamani zake hazikaribiani hata kidogo.

Tozo ya miamala ya simu, iliyoanza Julai 2021 kwa kiwango cha kuanzia 10 hadi 10,000 kwa muamala, iliumiza kwa namna nyingine. Anayetuma nyumbani alikatwa kutuma, anayepokea akakatwa kutoa, na mara nyingi fedha yenyewe ilikuwa ya mshahara uliokwisha katwa PAYE. Familia zinazotegemeana kati ya mjini na kijijini ndizo zilizotuma mara nyingi kwa viasi vidogo. Vituo vya afya na madarasa vilijengwa kwa fedha hiyo, na hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba mzigo uliangukia msaada wa ndugu kwa ndugu, ndiyo maana ikapunguzwa kwa 30% miezi miwili baadaye na kuendelea kulegezwa mwaka 2022 na 2023.

Serikali inavutwa kwenye kodi za namna hii kwa sababu moja kubwa. Waajiriwa walio kwenye orodha za mishahara ni wachache, na biashara nyingi hazina vitabu. Mapato yote ya kodi nchini ni karibu 13% ya pato la taifa. Simu, umeme, mafuta na bia hupita kwenye milango michache inayolindika kirahisi, kwa hiyo kila bajeti hurudi pale pale. Ni rahisi kwa mkusanyaji, lakini milango hiyo haipimi uwezo wa anayepita.

Bajeti ijayo ikisomwa, usiishie kwenye hotuba. Muswada wa Sheria ya Fedha hupelekwa Kamati ya Bunge ya Bajeti, ambayo hupokea maoni ya wadau kabla sheria haijaanza kutumika 1 Julai. Misamaha ya VAT imo kwenye jedwali la Sheria ya VAT ya 2014. Ukisikia bidhaa imeondolewa VAT, tafuta kwanza imewekwa wapi. Ikiwa imo kwenye jedwali la misamaha, kiwanda cha nyumbani bado kinalipa VAT ya malighafi, na hiyo utaikuta kwenye bei. Ikiwa ni kiwango sifuri, nafuu yote inaweza kushuka hadi dukani, mradi marejesho yalipwe.